Safu ya Nimesikia

Kila asubuhi Karani alipiga simu ishirini na tatu, na zote alizipiga akitembea. Nyuma ya ofisi yetu ya Garissa kulikuwa na baraza ndefu ya saruji. Aliipima kwa miguu kutoka tangi hadi geti, geti hadi tangi, simu sikioni na daftari kubwa kwapani. Ukiwa na jambo la kumwambia, ulilazimika kutembea naye. Mimi niliajiriwa nikae mbele ya kompyuta, lakini miezi ile nilitembea kuliko nilivyowahi kutembea tangu nimalize shule.

Kampuni yetu ilitunza visima virefu, vile vinavyochimbwa kwa mtambo, kuanzia Sangailu kule Ijara hadi kaskazini ya Hadado. Kila kisima kilikuwa na jenereta, pampu, tangi, mabirika ya kunyweshea mifugo, na mtu mmoja wa kuviendesha ambaye tulimwita opareta. Kazi ya Karani ilikuwa kujua, kila siku, kisima gani kinatoa maji na kipi kimegoma, kisha kuandika ripoti. Meneja aliisoma ripoti hiyo akaamua fundi aende wapi na lori la maji lielekee wapi. Lori lilikuwa moja. Ripoti ikikosea, maji yanapelekwa kwa watu wenye maji.

Mimi ni mhandisi wa data. Wengi hudhani ni jambo gumu, kwa hiyo huwaeleza hivi. Habari za kampuni huwa zimetawanyika kama madimbwi baada ya mvua: nyingine daftarini, nyingine kwenye simu ya dereva, nyingine kichwani mwa mtu mmoja ambaye siku akiugua hakuna anayejua kitu. Kazi yangu ni kuchimba mifereji ili zote ziingie tangi moja, zichujwe, kisha anayezihitaji afungue bomba tu. Ukilielewa hilo umeielewa kazi yangu. Yanayobaki ni lugha ya kompyuta, na lugha hujifunzwa.

Nilipewa miezi minne. Tangu wiki ya kwanza nilijua kwamba nikifaulu, Karani atakosa kazi. Naye alijua. Siku nilipofika aliniangalia nikifungua kompyuta yangu mezani, akaagiza chai mbili, akauliza:

"Adeer, hii mashine yako inakula nini?"

"Inakula data, adeer."

"Na inakunywa?"

"Hainywi."

"Basi itakaa vizuri na sisi. Huku mgeni kama huyo tunapenda sana."

Adeer ni ami, na kwa Wasomali neno hilo huenda na kurudi. Mimi nilimwita hivyo kwa sababu ya umri wake, naye akaniita hivyo hivyo kwa sababu mimi ndiye ninayemwita. Mimi ni mtu wa Hola, kusini zaidi kando ya mto, na kwetu mkubwa ni mkubwa na mdogo ni mdogo. Ilinichukua muda, mimi mwanamke, kuzoea kuitwa ami na mtu mwenye wajukuu.

Maneno yake nayaandika kwa tahajia ya kawaida, ingawa pampu mdomoni mwake ilikuwa "bambu", na nusu ya aliyoyasema kwenye simu ilikuwa Kisomali ambacho nilikipata kwa kubabaisha.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alidai kompyuta inamchosha macho, kumbe aliandika kwa vidole vyote kumi bila kutazama herufi. Alijifunzia kwenye taipureta, na akishika kibodi yangu ilipiga kelele kama mvua ya mawe. Chai alimnunulia kila mtu, hata watu waliokuja kuidai kampuni majibu, lakini kalamu yake ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye daftari na hakumwazima yeyote. "Chai ikienda inarudi," alisema. "Kalamu hairudi."

Kubwa kuliko yote ni hili: mtu aliyevijua visima ishirini na tatu kama watoto wake hakuwahi kuona hata kimoja cha kaskazini. Gari lilimtapisha. Walijaribu kumpeleka mara moja, wakarudi naye kabla jua halijapanda, amejilaza nyuma kwenye turubai, akiwaapia madereva kwamba Mungu alimuumba kwa ajili ya baraza. Visima vyote alivijua kwa sauti. Alijua opareta gani ana kikohozi cha vumbi, yupi ameoa tena na hataki isemwe, jenereta ya wapi inaimba na ya wapi inaguna.

Nilipoanza kazi nilidhani anapiga soga. Nilikuwa na tarehe ya kumaliza, Meneja akipita mlangoni kila baada ya chai kuuliza "tumefika wapi?", na pembeni mwangu mzee anamuuliza mtu wa kilomita mia mbili kama amekula. Nilihesabu dakika zake. Simu moja ilimchukua dakika tisa. Swali lenyewe, "kisima kinatoa maji?", lingechukua sekunde tatu.

Simu zake zilikuwa hivi. Nakumbuka moja aliyompigia Dekow, opareta wa kituo kimoja kaskazini ya Hadado, ikianza kama zote kwa nabad, yaani amani, salamu ya Wasomali.

"Nabad?"

"Nabad."

"Watu, nabad?"

"Nabad."

"Mifugo?"

"Nabad, alhamdulillah."

"Kisima?"

"Iko sawa."

Hapa Karani akasimama katikati ya baraza. Hapo pekee ndipo aliposimama.

"Dekow, umekunywa nini asubuhi?"

"Chai."

"Ya maziwa?"

"Ya rangi."

"Kwa nini ya rangi? Umekosana na ngamia?"

"Ngamia wameenda."

"Wapi?"

"Mbele."

"Kisima iko sawa, na ngamia wameenda mbele. Wamechoka na uso yako?"

Dekow akacheka, kisha akanyamaza. Ukimya ule nilidhani mtandao umekatika. Karani alingoja tu, amefumba macho.

"Adeer," Dekow akasema hatimaye, "hii pampu inakohoa tangu juzi."

Fundi aliondoka kabla ya adhuhuri. Mimi niliandika kwenye daftari langu dogo: *simu ndefu mno, zifupishwe*.

Ripoti zake zilikuwa kwenye madaftari ya jalada gumu, yamejaa kabati zima. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili kuu alizozichora kwa rula. Ya kwanza aliiita Wamesema. Ya pili aliiita Nimesikia. Chini ya Wamesema kulikuwa na "sawa, sawa, sawa, pampu mbovu, sawa". Chini ya Nimesikia kulikuwa na mambo ambayo mhandisi yeyote angeshika kichwa. "Hakucheka." "Mbuzi wengi mno, sijamsikia mwenyewe." "Anasema jenereta inafanya kazi, jenereta haisikiki." "Ameniuliza habari za Garissa mara mbili." "Chai ya rangi."

Katika kazi yetu kuna usemi kwamba uchafu ukiingia, uchafu utatoka. Data inayoingia tangini lazima iwe safi: namba, tarehe, ndiyo au hapana. "Hakucheka" huiweki popote. Huwezi kuijumlisha, huwezi kuichorea grafu. Nikaihamisha safu ya kwanza yote, mwaka kwa mwaka, na ya pili nikaiacha kabatini. Nilimweleza vizuri, maana napenda mtu aelewe ninachofanya.

"Adeer, hii safu ya pili haiwezi kuhesabika. Mfumo utachukua ile ya kwanza tu."

Aliitazama karatasi, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Sawa, adeer," akasema.

Nilimshukuru kwa kunielewa.

Alikuwa na semi zake, na bahati mbaya nilizichukulia kama mapambo. "Jibu la haraka ni la mtu anayetaka uondoke." "Anayekwambia yote kwa mara moja, amekariri." Na hii, aliyonirushia siku nilipomwonyesha fomu mpya ya simu: "Swali moja ni salamu. La pili ni udadisi. Kazi inaanzia la tatu." Nilicheka, nikamwambia mfumo una swali moja tu na ndiyo sababu ni mzuri.

Ulikuwa mzuri kweli, na siuonei haya. Kila asubuhi saa moja, simu ya kila opareta ilipata ujumbe: *Hali ya kisima? Bonyeza 1 kama ni salama, 2 kama kuna tatizo.* Majibu yaliingia tangini, na kwenye ukuta wa Meneja skrini ikawaka vituo ishirini na tatu, kijani kwa salama, nyekundu kwa tatizo. Ripoti iliyochukua asubuhi nzima ikawa tayari kabla chai haijapoa. Meneja alileta wageni kuja kuitazama. Alipenda hasa kijani.

Mwisho wa mwezi ule mfumo ulipoanza, walimuaga Karani. Kulikuwa na pilau, saa ya ukutani iliyofungwa kwa karatasi ya maua, na hotuba ya Meneja kwamba Karani ndiye msingi wa kampuni. Karani alisikiliza akihama mguu hadi mguu. Alipopita mezani pangu hakusema mengi. "Adeer, iangalie." Nilidhani anasema skrini.

Kiangazi kilikaza. Mto wenyewe ulipungua, na kutoka Balambala tulisikia watu wakilalamika kwamba mifugo ya mbali imeanza kushuka kwenye mashamba yao. Mimi sikuwa na raha, na sikujua kwa nini. Skrini ilikuwa kijani. Nilikuwa nikiinuka kila baada ya muda kwenda kuitazama, narudi, nainuka tena, mpaka Meneja akaniuliza kama kiti changu kina misumari.

Kisha dereva wa lori akarudi kutoka safari ya Wajir na kumwaga habari ofisini bila hata kufungua kilemba. Alipita kituo cha Dekow. Pampu ilikuwa imekufa, mabirika yamepasuka kwa ukavu. Waliokuwa na nguvu walikuwa wameshahama. Waliobaki walikuwa wazee na akina mama wenye wachanga, wakigawana mitungi michache waliyoteka safari ya kutwa nzima. Ndama walikuwa wamelala na hawakuinuka.

"Siku ngapi?" Meneja aliuliza.

"Sita."

Sote tuligeuka ukutani. Kituo cha Dekow kilikuwa kijani. Kilikuwa kijani siku zote sita. Na lori letu, siku mbili kabla, lilikuwa limepeleka maji mahali ambapo opareta kijana wa mjini alibonyeza 2 kwa sababu bomba moja lilikuwa linavuja.

Lori lilipelekwa siku ile ile. Halafu Meneja akataka wa kulaumiwa, na mfumo ulikuwa na rekodi safi: mtu alibonyeza 1 mara sita. Dekow alifutwa kazi kwa kosa la kudanganya kampuni. Kumbukumbu nilizitoa mimi, kwa dakika moja.

Nilimpigia Dekow mwenyewe. Nilikuwa na hasira, nataka kuelewa.

"Kwa nini ulibonyeza moja?"

"Dada, iliniuliza hali. Mimi nikasema nabad."

"Lakini pampu ilikuwa imekufa!"

"Ndiyo. Nilikuwa nangoja iniulize."

"Ikuulize nini?"

"Habari. Sasa si nimeshasema nabad? Inafuata habari."

"Na haikuuliza?"

Akafikiri kidogo, kama anayetaka kuitendea haki mashine. "Ilisema asante kwa ushirikiano wako."

Hapo ndipo nilipoielewa baraza. Kwa wafugaji wale, mtu haanzi na balaa. Hata kama simba amelala zizini, kwanza ni nabad, watu nabad, mifugo nabad. Huo si uongo, na kila anayesikia anajua si uongo. Ni kama kubisha hodi. Kumtupia mtu msiba mlangoni kabla hajakukaribisha ni utovu wa adabu, na tena ni kujitangaza kwamba umeshindwa na kazi. Habari yenyewe hutoka ukiulizwa, na huulizwa na mtu aliye tayari kuibeba. Mimi nilikuwa nimejenga mtambo mzuri wa kubisha hodi. Mlango ulipofunguliwa, uliaga na kuondoka.

Nilifungua kabati. Nilisoma safu ya Nimesikia tangu juu, nimesimama, kwa sababu kuketi hakukuwezekana. Karibu kila pampu iliyokufa, siku mbili tatu kabla, Karani alikuwa ameandika kitu. "Anajibu upesi." "Hakuna watoto nyuma yake leo." Ilikuwa data tangu mwanzo. Nami nilikuwa nimeimwaga kwa sababu sikuwa na chombo chake.

Nikaijenga upya safu hiyo ndani ya mfumo: nafasi ya mtu kuandika alichosikia, baada ya kupiga simu ya kweli. Nikamshikilia Meneja mpaka akakubali Karani arudi. Kisha nikaenda kwake, nyumba ya mabati nyuma ya soko la mbuzi.

Alikuwa ameketi. Nakiri hilo lilinitisha kuliko skrini. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imekunjwa, mikono haina kitu. Mkewe alileta chai ya maziwa ya ngamia, nzito, yenye moshi kidogo, akatuacha.

"Adeer, Meneja amekubali urudi."

"Mashallah."

"Utarudi?"

"Inshallah."

"Hiyo ni inshallah ya kuja au ya kutokuja?"

Akatabasamu. Nilikunywa chai. Miguu yangu ilitaka kuinuka, kana kwamba nimemaliza kazi, lakini nilibaki.

"Uko sawa, adeer?"

"Niko sawa."

"Asubuhi unafanya nini?"

"Naswali. Nakunywa chai."

"Halafu?"

Alitazama mikono yake. "Saa moja nashika simu. Naiweka chini. Nashika." Kisha, baada ya muda mrefu ambao nilijizuia kuujaza, "Nilikukasirikia."

"Kwa sababu ya kiti?"

"Kiti ni ya kampuni. Kiti inaenda." Aliongea polepole, bila ukali. "Wewe una adabu, adeer. Kila siku umenisalimia, umeuliza watoto. Lakini ile safu uliniambia haihesabiki. Hukuniuliza ni ya nini."

"Ulisema sawa."

"Ndiyo," akasema. "Nilisema sawa."

Nilimwomba msamaha, naye akaupokea kwa kunijazia kikombe. Kisha akauliza Dekow amepangiwa kituo gani sasa, nami ikabidi nimwambie kwamba amefutwa.

Akainuka. Alianza kutembea uani, ukuta hadi mlango, mlango hadi ukuta.

"Amedanganya nani, Dekow? Alisalimia, akangoja. Mimi nikirudi kwa hiyo kiti na yeye yuko nje, kesho maopareta wote watabonyeza mbili. Mbili, mbili, mbili. Watu wakiogopa, hata ukiuliza mara kumi huwezi kusikia kitu." Akasimama mbele yangu. "Arudi yeye, ndiyo nirudi. Piga."

"Sasa hivi?"

"Unangoja mvua?"

Nikampigia Meneja, nikamweleza. Akanijibu vizuri sana. Nilikata simu.

"Amesema nini?" Karani aliuliza.

"Amesema ni wazo zuri. Ataliangalia."

"Na umesikia nini?"

Nilifikiri. "Kijiko. Alikuwa anakoroga chai. Hakuacha kukoroga."

"Basi bado hujamwambia. Piga tena."

Nikapiga tena. Safari hii nilianza na ndama, na wale wanawake wenye wachanga. Meneja akasema ananielewa kabisa, na kwamba kanuni ni kanuni. Kijiko kiligonga kikombe. Karani hakuniuliza kitu. Alinyoosha kidole kuelekea simu tu, kisha akaendelea na mwendo wake.

Mara ya tatu niligundua kwamba na mimi nimesimama, natembea nyuma yake uani, ukuta hadi mlango. Nilimwambia Meneja kwamba swali lile la moja na mbili nililiandika mimi, Dekow alilijibu kama alivyoulizwa, na kama kuna wa kufutwa basi aanze na aliyeuliza. Nilikingojea kijiko. Sikukisikia.

"Huyo Dekow," Meneja akasema, "hebu niambie, alisema nini hasa?"